Siku niliyoacha firimbi nyumbani

Mwanangu wa kwanza alilala na viatu miguuni tangu Juni hadi karibu na mwisho wa Julai 2021. Alikuwa na miaka saba. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulilipuka Jumamosi tarehe 22 Mei jioni, mbingu ya mji wetu wa Goma, mashariki ya Kongo, nzima ikawa nyekundu, na ingawa moto ulishuka upande wa Buhene, mbali na kwetu Keshero, matetemeko hayakutuacha. Kuta zilipasuka, vikombe vilishuka vyenyewe kabatini. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuhamisha kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji, barabara zikafurika watu. Sisi tulishika njia ya Sake kwa miguu, mimi na bidoni kichwani na mtoto mdogo mgongoni, huyu mkubwa akinishika kitenge. Kiatu chake kimoja kilipotelea katika msongamano. Alitembea na mguu mtupu juu ya mawe mpaka kijana mmoja tusiyemjua akampakia kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tuliporudi nyumbani mwezi Juni nikamnunulia viatu vingine, na tangu hapo hakukubali mtu yeyote amvue.

Nilijaribu kuongea naye. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, maneno ndiyo kazi yangu. Nilimweleza kwamba mlima umetulia, kwamba kuna watu wanaouchunguza usiku na mchana, kwamba baba yake na mimi tupo. Kila nilipomaliza aliitika "ndiyo, mama", kisha akarudi kukaa mlangoni, magoti yamekunjwa, macho barabarani.

Aliyefanya jambo la maana ni mama yangu mzazi. Alichukua kamba, akafunga ncha moja kwenye mparachichi wa uani, akashika ya pili, akaanza kuizungusha. Hakumwita mtu. Kamba ikapiga chini, pa, pa, pa, vumbi jeusi likiruka. Siku ya kwanza mtoto aliangalia tu. Siku ya pili alisogea. Siku ya nne akaingia, akajikwaa mara moja, mara mbili, na bibi yake akamwambia bila kusimamisha kamba: "Toa viatu, utaruka vizuri." Akavitoa. Aliruka mara kumi na moja, nilihesabu nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Usiku huo alivivaa tena, na usiku uliofuata pia. Ilichukua wiki mbili zaidi kabla viatu havijabaki chini ya kitanda. Lakini siku ile niliona kwamba mwili wake ulikuwa umesikia kitu ambacho masikio yake yalikikataa.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya watoto wa kartie kila Jumamosi wacheze. Miaka imepita, na vijana kadhaa na walimu wenzangu wananiuliza wafanyeje kuanza kwao. Nataka niwaeleze hasa nilipokosea, kwa sababu makosa mengine yalikuwa na gharama, na moja lingeweza kuua.

Nianze na hilo. Mwezi Agosti jirani mmoja alituruhusu kutumia parseli yake tupu. Ilikuwa mawe matupu ya volkano, yale yenye ncha kama misumari. Jumamosi tatu nzima vijana walisomba mawe kwa chukudu, akina mama wakaleta mchanga mweusi kwa mabeseni, tukapata uwanja wa kama mita 20 kwa 30. Baada ya miezi mitano mwenye parseli alianza kujenga. Hakutukosea, parseli ni yake. Kosa lilikuwa langu: ruhusa ilikuwa ya mdomo, na jasho la watu lilikuwa la kweli. Mkipewa mahali, ombeni karatasi fupi yenye muda, hata ya mwaka mmoja, na shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, aione.

Nikatafuta mahali pengine, na nikapaona kama zawadi. Bonde dogo, tambarare, majani mabichi, hakuna mawe, upepo haufiki. Tulipanga kuanza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Watoto walikuwa wamekwisha kusimama ukingoni tulipomwona mzee mmoja, muuza makala, yaani makaa, anakuja mbio akipunga mikono. Hakusema mengi. Aliwasha kipande cha karatasi, akakifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akakishusha taratibu bondeni. Mwali ulizimika ghafla, kama mtu aliyeupuliza, ukiwa kwenye kimo cha goti langu.

Mazuku. Neno hilo nilizaliwa nikalikuta. Kila mtu wa magharibi ya Goma anajua kwamba upande wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga kuna mashimo ambamo mbuzi huingia na hawatoki. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haionekani, nayo hujikusanya mahali palipobonyea, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Mtu mzima akisimama anaweza kupita bila kuhisi kitu. Mtoto ni mfupi. Mtoto akianguka akifuata balo, yaani mpira, pua yake iko chini kabisa. Nilijua haya yote na sikuyaunganisha na mchezo, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye mawe na magoti. Nilirudi nyumbani siku ile miguu haina nguvu, na kwa wiki nzima niliona mwali ule ukizimika kila nilipofumba macho.

Kwa hiyo mtu wa Goma anayetafuta uwanja apande, asishuke. Awaulize wazee wa mahali hapo, hasa wanaochunga mbuzi na wanaochoma makala. Akiona wadudu, mijusi au ndege waliokufa pamoja, aondoke na awaonye wengine. Asiingie kupima mwenyewe. Nasi hatuanzi tena kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda na upepo wa ziwa umeanza.

Uwanja wa tatu, ambao tunao hadi leo, uko juu kidogo, kando ya ukuta wa kanisa. Una mteremko, balo hukimbia yenyewe kuelekea barabarani. Tumeuzoea.

Sasa kuhusu firimbi. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto zaidi ya 40. Nilikuwa na firimbi shingoni, daftari, na mpango: mistari minne, mazoezi ya mikono, mazoezi ya miguu, mbio za kupokezana, kisha mpira dakika 20. Nilipiga firimbi kila kitu kilipopinda. Nilifurahi kuona mistari imenyooka. Jumamosi ya pili walikuja 30 hivi. Baada ya mwezi walikuwa 11, na kati yao wawili ni wangu.

Nikafikiri tatizo ni motisha, nikaleta zawadi. Biskuti kwa wote, daftari kwa ekipe iliyoshinda. Watoto walirudi, kweli, 60 kwa mara moja. Na mchezo ukafa palepale. Wakubwa waliwasukuma wadogo nje ya ekipe ili wasishindwe. Watoto wawili walipigana kwa mawe kwa ajili ya daftari lenye kurasa 48. Mama mmoja alikuja kuniuliza kwa nini mwanawe hakupata biskuti, naye alifika tukiwa tunafunga. Ndani ya wiki sita nilitumia dola 70 hivi, pesa ambayo mwalimu wa kwetu huilimbikiza kwa miezi. Nilipoacha zawadi, wengi waliondoka, na sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba wanakuja kuchukua kitu.

Ndipo binti mmoja, mtoto wa mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, karibu na soko, akaniuliza swali lililogeuza kila kitu. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, sauti ya kukwaruza kwa sababu alimsaidia mama yake kunadi samaki. Alinitazama nimesimama pembeni na daftari, akasema: "Mwalimu, juu ya nini weye hauchezake?"

Aliuliza kwa nini mimi sichezi. Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kuwasimamia. Akakubali kwa adabu. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa na raha na jibu hilo. Tangu mlima ulipuke nilikuwa silali zaidi ya saa nne. Mabega yaliniuma kama nimebeba gunia. Muuguzi alikuwa amenipima presha akaikuta imepanda, akaniambia nitembee, nisogeze mwili, kwamba Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujisogeza kwa wiki. Nilicheka moyoni, kwa kuwa natembea kwenda shuleni na kurudi kila siku. Lakini kutembea kwangu kulikuwa kwa mtu anayekimbizwa na kitu. Sikuwa nimeruka, sikuwa nimecheka kwa sauti tangu mwezi Mei.

Jumamosi iliyofuata niliacha firimbi nyumbani, nikafunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, nikawaomba wasichana wanifundishe nzango upya. Ni mchezo wa miguu: mnasimama wawili uso kwa uso, mnaimba na kupiga makofi, mnaruka, na mnapotua kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Kulingana na miguu iliyotolewa, mmoja anapata pointi. Inaonekana rahisi. Lazima umsome mwenzako kwenye nyonga na bega kabla hajatua, huku wewe unaficha wako. Binti wa sambaza alinifunga mara sita mfululizo. Mara ya saba nilimwona: kabla ya kutoa mguu wa kushoto alikuwa anabana mdomo. Nikamshinda, akapiga yowe la furaha kana kwamba ameshinda yeye, na nikajikuta nacheka mpaka nimejishika kiuno. Usiku huo nililala kwa muda wa saa saba bila kuamka.

Akina mama wawili wa jirani walisema mwanamke mzima mwenye ndoa anarukaje hadharani. Iliniuma. Mmoja wao leo huja, hukaa kwenye jiwe, na ndiye anayeshika watoto wachanga ili dada zao wacheze. Hapo nami nilikuwa sijaona jambo. Nilidhani wasichana hawapendi mpira kwa sababu walikuwa wanakaa pembeni. Walikuwa pembeni kwa sababu walikuwa na wadogo zao mgongoni na bidoni za maji za kujaza kabla ya saa sita. Tulipotenga kona ya watoto wachanga na kuanza na nzango badala ya mpira, wasichana walizidi wavulana ndani ya miezi miwili. Wavulana wakaja kuuliza kama nao wanaruhusiwa kuruka. Wengi wao miguu ilikuwa mizito kama ya tembo mwanzoni, na kushindwa na wasichana mbele ya watu kuliwafanyia mema ambayo hotuba zangu hazikuwahi kuwafanyia.

Kuhusu balo, nisiseme mengi. Za dukani za dola tano tano zilipasuka juu ya mawe, nne ndani ya wiki tatu. Watoto wenyewe walinirudisha kwenye balo ya sasheti, ile tuliyochezea sote: mifuko na matambara, kamba imezungushwa mpaka inakaza. Haipasuki, haimuumizi mtoto usoni, haikimbii sana kwenye mteremko, na ikilegea mtoto wa miaka minane anaikaza mwenyewe. Fedha yote niliyoweka kwenye balo ningeiweka kwenye sabuni, bandeji na bidoni ya maji safi. Kidonda cha jiwe la volkano kina changarawe ndani. Kisafishwe vizuri siku hiyohiyo, na mtoto asiye na chanjo ya pepopunda apelekwe kituo cha afya. Na kila mtoto aje na kikombe chake. Mji wetu unaijua kolera vizuri mno.

Firimbi ilipobaki nyumbani, ugomvi uliongezeka. Hili ndilo ninalotaka wenzangu walisikie zaidi ya yote. Goli letu ni mawe mawili, halina mwamba wa juu, kwa hiyo kila wiki balo hupita mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuapa kama ni goli au siyo. Siku moja, mwezi Machi 2022, mvulana tunayemwita Kidiaba alidaka, au hakudaka. Jina hilo alilipata kwa kuruka kwa makalio kila anapookoa, kama alivyoshangilia Robert Kidiaba, kipa wa TP Mazembe, kwenye Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, ingawa juu ya mchanga wetu anaruka mara moja tu, inatosha. Upande mmoja ukapiga kelele imeingia, mwingine imepita juu. Watoto 20 wakabanana. Mkono wangu ulienda shingoni kutafuta firimbi ambayo haikuwepo. Nilikuwa tayari kuingia niamue.

Sikuingia. Nilikaa juu ya jiwe na kuziba mdomo kwa kitenge. Walibishana dakika 12, niliangalia saa. Mmoja alitoka analia akarudi. Mmoja alitishia kuondoka na balo, wakamkumbusha kwamba balo ilifungwa na watu watatu. Kisha ile sauti ya kukwaruza ikapanda juu ya zote: "Kidiaba, weye mwenyewe uliona nini?" Kimya. Kidiaba akatazama mawe, akatazama miguu yake, akasema: "Iliingia kidogo." Ekipe yake ikamrukia kwa hasira. Binti akasema basi ni goli, lakini kwa sababu amesema ukweli, balo inaanzia kwake. Hakuna kitabu cha kanuni chenye sheria hiyo. Wote waliikubali, na mpaka leo inatumika uwanjani kwetu.

Ningepiga firimbi, mchezo ungeendelea baada ya sekunde tano na hakuna ambaye angejifunza lolote isipokuwa kwamba mwalimu ndiye anayejua. Kidiaba asingepata nafasi ya kusema ukweli unaomgharimu. Binti asingejua kwamba sauti yake ya sokoni inaweza kusimamisha ugomvi wa watu waliomzidi umri. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba sehemu ile ya mchezo ambayo watu wazima tunaiona ni usumbufu, kubishana, kupanga upya, kubembelezana, ndiyo inayomjenga kiongozi. Mimi huingia mambo matatu tu: jiwe mkononi, mtoto mdogo anayeumizwa, na tusi la kabila. Hilo la mwisho halisubiri dakika hata moja, katika mji huu hasa.

Tukaanza kuwa na kapita, yaani nahodha, wa wiki. Wenye kura ni watoto, na hakuna anayerudia mpaka wote wamepita. Kapita hachagui wachezaji wake kwanza. Anachagua wa mwisho. Sheria hiyo waliitunga baada ya kapita mmoja kujichukulia wakali wote. Kuna mvulana mwenye kigugumizi ambaye niliogopa zamu yake kuliko yeye mwenyewe alivyoiogopa. Alipofika mbele hakusema neno, alipanga watu kwa kuwashika bega na kuonyesha kidole. Ilikwenda haraka kuliko wiki zote.

Kosa jingine bado linaniumiza. Mwaka 2023 vita vilipokuwa vinasukuma watu kutoka Rutshuru na Masisi, kambi zilijaa pembeni mwa mji, nasi tukapata watoto wapya, wengine kutoka Bulengo. Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku moja, nikarudi na wazo la kuwakalisha duara baada ya mchezo waeleze walichoona njiani. Msichana mmoja wa miaka kumi alianza, akafika katikati, akanyamaza, akatetemeka mwili mzima. Hakuonekana wiki tatu. Mama yake alikuja kwangu, hakunigombeza, aliuliza tu: "Mwalimu, mtoto alirudi analia. Ulimuuliza nini?" Nilimwomba msamaha, na nilimwomba mtoto msamaha aliporudi. Mtoto akitaka kusema, atasema akiwa anasubiri zamu ya kamba, akikutazama au asikutazame, na wewe utasikiliza. Ukiona hali inazidi uwezo wako, mpeleke kwa mtu aliyesomea kazi hiyo.

Walikuwa na njia yao ya kusema. Februari 2024, wachezaji wa timu ya taifa walipoziba midomo na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola wakati wa wimbo wa taifa, wakipinga ukimya juu ya vita vya kwetu, kwenye nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, watoto wetu waliona kwenye televisheni ya jirani. Tulifungwa na Côte d'Ivoire bao moja kwa bila. Jumamosi iliyofuata, bila mtu kuwaambia, walijipanga mbele ya mawe ya goli, mkono mmoja mdomoni, mwingine kichwani, wadogo wakichungulia wakubwa ili wasikosee. Walisimama hivyo labda nusu dakika. Yule msichana wa Bulengo alikuwa katikati. Kisha mtu akapiga balo.

Kuna waliosema ninapoteza muda wa watoto. Shefu mmoja aliniambia wazi kwamba michezo haileti chakula. Nilimpelekea nakala ya kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiwa bado Zaire: mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Alikisoma mara mbili, akaweka muhuri. Wengine, hasa kina papa, baba za watoto, walitaka kinyume chake: niwatengeneze watoto kuwa mabingwa, niwachape wakizembea. Kwa hao nilisimulia habari ya Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Alitenganishwa na familia yake kwa vita akiwa na miaka tisa, akakutwa msituni baada ya siku nane, akapelekwa Kinshasa, na huko ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2016 alishindana Rio kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Judo ilimshika mkono, amesema hivyo. Lakini amesimulia pia jinsi makocha walivyowafungia wanamichezo ndani waliposhindwa. Mchezo uleule, mikono tofauti. Kina papa wengi walinyamaza hapo.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Siku zile hatukutoka. Tulikuwa watu 14 kwenye korido ya nyumba yetu kwa sababu ina kuta mbili kila upande, na mama wa sambaza alikuwa nasi na watoto wake. Umeme hakuna, maji yanahesabiwa kwa kikombe. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka kumi, alivaa viatu bila kuambiwa, akavifunga kamba kwa mafundo mawili. Milio ilikuwa karibu. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umekauka, sina neno la kumwambia mtoto yeyote.

Binti alitoa mfukoni vijiwe vitano vyeusi vya uwanjani. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Akavipanga kwenye saruji, karibu na mshumaa, akarusha kimoja juu kimo cha kiganja tu, akaokota kingine, akadaka. Hakusema kitu. Akamsukumia mdogo wake zamu. Mdogo akamsukumia mwanangu. Mwanangu akakosa mara ya kwanza kwa sababu mlio ulipiga na mkono ukaruka. "Hiyo haihesabiwe," binti akanong'ona, "bale ba inje ndio balikusumbua." Akampa zamu tena.

Walicheza mpaka mshumaa ukaisha, kisha wakaendelea gizani kwa kupapasa. Nilisikia kijiwe kikigonga saruji, kimya kidogo, kikidakwa. Zamu yangu ilipofika walinigusa bega.

Tulirudi uwanjani baada ya wiki kadhaa. Kambi zilikuwa zimevunjwa, na watoto wa Bulengo wote hawapo. Msichana yule sijui kama yuko Masisi au wapi. Jumamosi iliyopita walikuwa 23. Kidiaba amekua, anasema hataki tena kuruka kwa makalio, lakini alipodaka aliruka. Kapita alikuwa mtoto wa miaka saba, mgeni, na alitumia nusu saa kupanga ekipe. Tulimsubiri.